Mwisho Alioutunga Halake

Halake alirudi Isiolo siku moja baada ya wazee wa Yattani kuleta buni nyumbani kwetu. Siku moja! Miaka minane sikumtia machoni, halafu anatokea siku moja baada. Mtu mwingine angetokea siku moja kabla, lakini huyo asingekuwa Halake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa themanini na tatu. Nilikuwa nimeketi uani kwetu Kiwanjani nasahihisha madaftari ya darasa la tano, kalamu nyekundu mkononi na hasira kifuani. Watoto wa watu walikiona cha mtema kuni siku hiyo. Hata waliopata jibu sawa niliwaandikia chini, "Mwandiko mbaya."

Hasira yangu ilikuwa ndani ya nyumba, juu ya sanduku la Akko, bibi yangu. Kwetu Waborana kijana akitaka msichana, wazee wake huja na bunda la buni za kahawa, tumbaku na sukari. Bunda huachwa kwa akina msichana, nalo halifunguliwi mpaka baba aseme neno. Akikataa, linarudishwa vile vile lilivyofungwa na hakuna aliyeaibika. Lakini buni zikishakaangwa kwa samli na wenye nyumba wakazitafuna, maneno yamekwisha. Kilichobaki ni kupanga siku.

Abba, baba yangu, alikuwa amekwenda Garbatulla kutazama ng'ombe wa kununua. Alijua wazee wa Yattani wangekuja, alitarajiwa Jumapili, na jibu lilikuwa lake. Nililijua jibu hilo. Yattani ana lori. Anaswali, anaheshimu watu, na ananunua ng'ombe pamoja na Abba tangu ndevu zake hazijaota. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo, isipokuwa kwamba akikaa na mtu huzungumzia magurudumu tu mpaka chai inapoa.

Wazee wenyewe nilipishana nao njiani Ijumaa nikitoka shule. Nilimtambua amu yake Yattani, yule mwenye ndevu za hina. Nilipofika nyumbani nikamkuta Akko anaimba. Akko, aliyenilea tangu mama alipofariki, mwanamke wa miaka themanini na ushei ambaye mtoto wa jicho amemwachia mwanga kidogo tu, anaimba na kupiga makofi! Nilidhani amefurahi kuniondoa nyumbani. Niliumia sana, nikalala bila kumsemesha.

Basi ndiyo nimeketi hapo na kalamu yangu, nikasikia mtu nje ya lango la mabati.

"Salaam aleikum."

Kalamu ikasimama. Sauti ile ningeitambua hata sokoni siku ya mnada, katikati ya ng'ombe mia mbili.

"Aleikum salaam," nikasema. "Ingia, lango halina kufuli."

Akaingia. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi, jua la Mandera alikofanya kazi si la mchezo. Alivaa shati la kaki la idara ya mifugo, viatu vimejaa vumbi, na kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Macho tu ndiyo hayakubadilika. Halake akikutazama unahisi hakuna mtu mwingine amebaki mjini.

"Nagaya, Qabale."

"Nagaya. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimepewa likizo."

"Miaka minane ndio wamekumbuka kukupa likizo?"

Akacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini kicheko kile sikujiandaa nacho, na moyo wangu ukaenda mbio bila ruhusa.

"Si nilikuwa nakuandikia?"

"Uliandika. Barua kumi na sita, na zote ni za kupe. Kupe wa ngamia, kupe wa mbuzi. Sasa mimi najua kupe kuliko daktari."

"Nilikuwa naogopa kuandika hayo mengine," akasema, na macho yakaenda chini. Kisha akafungua kile kitambaa. "Nimeleta kitabu."

Nusu ya kitabu, kusema kweli.

Kitabu kile tulikipata mwaka wa sabini na tano, duka la Muiruri pale Wabera. Muiruri alikuwa ananunua karatasi kuukuu za kufungia vitu, na Halake alipokwenda kununua majani ya chai akamkuta anachana ukurasa kutoka kitabu kinene cha Kiingereza. Akamsihi, akapewa kilichobaki. Jalada halikuwepo, na kurasa kumi za kwanza zilishafunga chumvi ya mtaa mzima. Hivyo hatukuwahi kujua jina la kitabu wala la mtu aliyekiandika. Kwetu sisi hadithi ilianzia ukurasa wa kumi na moja, miungu wakiwa tayari wamekasirika.

Ilikuwa hadithi ya dunia isiyokuwepo. Kulikuwa na mlima ambao miungu walikaa juu yake, na mto uliopanda badala ya kushuka, na falme zilizopigania wimbo mmoja. Kulikuwa na Malkia Velmora, na mhunzi aliyeitwa Dorrik, ambaye hakuwa na kitu isipokuwa nyundo. Walipendana. Sisi tulikuwa wanafunzi, mimi miaka kumi na saba, yeye kumi na minane, na kila alasiri alikuja hapa uani kumsomea Akko kwa Kiborana huku nami nikisikiliza. Alisoma sentensi kimya, akanyanyua kichwa, akaifasiri. Akko aliipenda hadithi ile kama ya ukoo wake. Alitaka kujua Velmora ana ngamia wangapi, na Halake alimpa ngamia.

Halake alipokwenda chuo cha mifugo Kabete, kule Nairobi, uti wa kitabu ulikuwa umeshakatika katikati. Tukakubaliana kila mtu akae na nusu. Mimi nilichukua ya kwanza, yeye ya pili. Tulisema hivyo kitabu hakitasomeka tena mpaka tukae pamoja. Tulikuwa watoto, mtusamehe.

"Huyo ni Halake!"

Akko alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti. Masikio yake ni mazima kabisa.

"Ni mimi, Akko. Nagaya?"

"Nagaya, mwanangu, nagaya! Njoo nikushike kichwa." Halake akaenda, akainama, Akko akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumtemea mate kidogo ya baraka. "Nilijua utakuja mwenyewe. Vijana wa sasa hamngoji. Zamani kijana angejificha mwezi mzima kwa aibu."

"Aibu gani, Akko?" Halake akauliza.

"Ee, jifanye hujui!" Akko akacheka mpaka akakohoa. "Kaeni. Someni hiyo hadithi yenu. Mimi naenda jikoni nitengeneze kitu."

Nilidhani anakwenda kupika chai. Namlaumu nani?

"Ile nusu yako iko?" Halake akaniuliza.

Nikaingia ndani kuichukua. Ilikuwa chini ya godoro, nimeifunika kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule. Nilipopita karibu na jiko Akko alikuwa anaimba tena, nami nikapita bila kutazama, kwa sababu ya ile hasira ya Ijumaa. Nilipotoka Halake alikuwa amesogeza kigoda kando ya changu, si karibu sana, heshima ilikuwepo. Tukaweka nusu mbili juu ya meza ya madaftari. Zikakutana vizuri, uzi kwa uzi.

"Anza wewe," akasema.

Nikaanza ukurasa wa kumi na moja. Nilikuwa nimeusoma kila likizo kwa miaka minane, sikuhitaji hata kuutazama. Nikamfasiria kwa Kiswahili nilichowafundishia watoto, naye akanirekebisha, nami nikamwambia aache kujifanya. Tukafika pale penye doa la samli, alipoangushia Akko kijiko siku miungu walipozama mtoni. Tukafika pale alipoandika kwa penseli pembeni, "Velmora ni kama Q."

"Hii sikuiona zamani," nikasema uongo.

"Hukuiona?"

"Mimi nasoma kitabu, sisomi ukuta wa choo."

Alicheka tena, na safari hii mkono wake ulikuwa mezani karibu na wangu, na hakuna aliyeuondoa. Sijui kama ninyi mmewahi kusoma tena kitabu mlichokipenda mkiwa wadogo. Maneno ni yale yale lakini unasikia mengine. Zamani nilipenda vita na mto unaopanda. Sasa niliona kwamba Velmora anaulizwa na kila mtu kwa nini haolewi, na kwamba anajibu kwa upole mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara ya nne anaondoka mezani. Nilimwelewa vizuri sana.

Nusu yangu iliishia pale wanapoagana. Miungu wamemwita Dorrik mlimani awafulie lango la chuma. Anamwambia malkia, siku saba tu. Naye malkia anamjibu, "Nitazihesabu, na nitakuongezea moja ya huruma, lakini usiniombe zaidi."

"Sasa yako," nikasema, nikanyoosha mkono.

Halake akaweka kiganja juu ya nusu yake.

"Tusome siku nyingine."

"Siku gani? Likizo ingine ni baada ya miaka minane?"

"Qabale, wacha kwanza nikwambie kitu." Akalamba midomo. "Wamenichagua kwenda Kabete tena. Kozi ya juu, miaka miwili. Naanza tarehe tano mwezi ujao. Nikitoka hapo mimi ni afisa kamili, si mtu wa kushika sindano tu. Mzee Kanchoro hataweza kusema mimi sina kitu."

Mzee Kanchoro ndiye Abba. Ni kweli alisema hivyo, mwaka ule ule wa sabini na tano. Ukoo wa Halake na wetu wanaoana, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba mifugo ya babake ilikwisha yote, na Abba alisema mbele ya watu kwamba hatoi binti kwa boma lisilo na kinyesi.

"Kwa hivyo umekuja kunipa habari," nikasema.

"Nimekuja kukuomba. Ningoje. Miaka miwili tu, Qabale."

Aliyasema kwa upole, na kwa macho yale. Na mimi, mjinga, kwa muda mdogo nilianza kuhesabu. Ishirini na saba. Si mbaya. Wako wanaoolewa na ishirini na saba. Nilikuwa tayari kufungua kinywa niseme ndiyo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozoea, na kwa sababu nilijua Dorrik alirudi. Nilisikia kwa masikio yangu hapa hapa uani. Siku ya saba aliona sehemu ya bawaba haijang'aa, akaiacha hivyo hivyo, akatupa nyundo, akashuka mlima mbio.

"Nataka nisome anaporudi," nikasema. "Nisome, halafu nikujibu."

"Si lazima."

"Halake, toa mkono."

Hakutoa. Nikaunyanyua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, nikafungua nyuma kabisa.

Nilisoma kimya. Kiingereza cha kitabu kile ni kigumu lakini mimi ni mwalimu. Dorrik aliona bawaba haijang'aa. Hapo sawa. Kisha akasema moyoni kwamba siku moja zaidi si kitu, akabaki akaisugua mpaka ikang'aa, na miungu wakamsifu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja ya mlimani ni mwaka mzima chini. Aliposhuka, siku yake ya nane ilikuwa mwaka wa nane wa Velmora. Malkia, siku zilipopita bila yeye kurudi, alihesabu miaka, saba, akaongeza mmoja wa huruma, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametolewa kwenda nyumba ya Mfalme wa Chumvi. Dorrik alilikuta vumbi la ngamia wa arusi bado liko hewani. Mwisho. Hakuna ukurasa mwingine.

Nilifunga kitabu.

"Hakurudi," nikasema.

"Alirudi. Alichelewa."

"Wewe ulisema alirudi! Ulimwambia Akko walipiga ngoma siku tatu!"

"Akko alikuwa anamlilia," Halake akasema. "Nilisoma ile sentensi ya mwisho kimya, nikanyanyua kichwa, nikamwona mama mzima machozi yanamtoka anangoja nimwambie. Na wewe ulikuwa umekaa hapo karibu na kuni, umeshika magoti, unanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na minane, Qabale. Ningewezaje kusema ameolewa? Maneno yakatoka yenyewe. Nikasema alishuka mbio."

"Ndiyo maana ukachagua nusu ya pili."

Akainama akapangusa vumbi la viatu.

"Nijibu. Ulijua nitaisoma."

"Niliogopa utaisoma, ndiyo."

Nilimpenda wakati huo kuliko siku zote, na nilitaka kumpiga na kitabu. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, anayebisha hajawahi kupenda.

"Unajua umefanya nini?" nikamwambia. "Mimi nimekaa miaka minane kwa sababu ya mwisho uliotunga kwa kinywa chako. Kila mtu akiniuliza, nasema moyoni, anashuka mbio, anakuja. Kumbe ulikuwa juu unasugua bawaba! Mandera, kisha Wajir, kisha Mandera tena. Na leo unakuja na kozi. Mwenzako alizidisha siku moja tu, Halake. Wewe unataka mbili."

"Nataka nije na kitu mkononi. Babako—"

"Babangu hakukuomba barua kumi na sita. Ni mimi niliyezisoma. Ulishawahi kuniuliza mimi nataka nini?"

Alinyanyua macho. Hakuwahi, na alijua hakuwahi.

"Jana wazee walileta buni," nikasema kwa sauti ndogo. "Ya Yattani. Abba anarudi kesho kujibu."

Rangi ilimtoka usoni. Alifungua kinywa, na kabla hajapata la kusema, Akko akatoka jikoni amebeba bakuli la mti kwa mikono miwili. Nilisikia harufu kabla sijaona. Samli, na buni zilizokaangwa mpaka zikapasuka.

"Akko," nikasema. "Hiyo ni nini?"

"Kula, mume wa mjukuu wangu," Akko akamwambia Halake. Alikuwa anatafuna. Mdomo wake uling'aa samli. Halake, kwa adabu aliyofundishwa na mamake, alishaweka buni moja mdomoni kabla akili haijafika.

"Akko, umefungua bunda?"

"Kwa nini nisifungue? Jana wazee wake walikuja watatu, wakaketi vizuri, wakaomba vizuri. Miaka hii yote nangoja buni ya Halake. Nife kesho bila kuionja?"

Halake alisimama na ile buni shavuni, hawezi kumeza, hawezi kutema mbele ya mkubwa.

"Walikwambia ni wazee wa Halake?" nikauliza.

"Nani anataja jina la kijana siku ya kwanza? Unataka wakwe watucheke?" Akko alishangaa swali langu. Kwa wazee wa kwetu ni kweli, siku ya kwanza jina halitajwi, wanasema tu kijana wetu. "Walisema ni kijana wao, alikunywa maziwa ya nyumba hii tangu mdogo. Nikasema, haya, ndiye."

"Ni Yattani, Akko. Walikuwa wazee wa Yattani."

Aliacha kutafuna. Akatafuta kigoda kwa mkono, Halake akamshika na kumkalisha. Akakaa hapo na bakuli mapajani, mdogo sana ghafla.

"Mimi sikufikiria mwingine," akasema. "Nani mwingine angekuja?"

Hapo ndipo nilipoelewa ule wimbo wa Ijumaa. Nikapiga magoti mbele yake nikamfuta samli mdomoni na ncha ya shuka langu, nikamwomba msamaha, naye hakujua ni wa nini.

Kama ni shida, zilikuwa bado hazijaisha. Lori lilisimama barabarani, mlango ukabamizwa, na sauti ya Abba ikamuaga dereva. Ng'ombe wa Garbatulla walikuwa wembamba mno, hakununua hata mmoja, akarudi siku moja mapema. Akaingia langoni na fimbo yake, akasema salaam aleikum, na pua yake ikafanya kazi kabla ya macho. Alitazama bakuli. Alimtazama Halake na shavu lake. Akanitazama mimi.

"Nani amefungua?"

"Mimi," Akko akasema.

"Mama, hii ni buni ya watu!"

"Najua sasa. Nilidhani ni ya huyu."

Abba akakaa juu ya ukingo wa karai la kufulia, fimbo katikati ya magoti. Ni mtu mkubwa lakini mbele ya mamake hapigi kelele. "Imeliwa," akasema. "Basi neno limetoka. Mimi siwezi kutembea soko la Isiolo nikiambiwa nyumba yangu inakula buni na kugeuka. Qabale ni wa Yattani."

"Aliyekula ni nani?" Akko akauliza.

"Wewe, mama."

"Qabale amekula?"

"Hapana."

"Wewe umekula?"

"Sijakula."

"Basi Yattani anioe mimi. Mwambie alete lori, niko tayari."

Nilishika mdomo. Abba alijaribu kukunja uso na ukamshinda, mabega yakaanza kumtikisika, akageukia ukutani akajifanya anakohoa. Lakini alipotugeukia tena alikuwa ameshajirudisha.

"Halake. Meza hiyo kitu, usije ukanifia hapa."

Halake akameza.

"Sina chuki na wewe," Abba akasema. "Lakini nilisema zamani na nasema leo. Wewe ni mtu wa kwenda. Yattani analala Isiolo. Unaondoka lini tena?"

"Tarehe tano, Mzee. Kabete. Miaka miwili."

"Miwili." Abba akatikisa kichwa, akanigeukia. Alisema polepole, na nilijua ananiuliza kwa haki kabisa, kama anavyouliza mtu bei ya mwisho. "Na wewe, binti yangu, mbele yake na mbele ya Akko. Utamngoja huyu?"

Halake alinitazama. Miaka minane ningejibu swali hilo nikiwa usingizini.

"Hapana, Abba," nikasema. "Simngoji."

Nilimwona akiinamisha kichwa. Hakulalamika. Alivuta tu ile nusu yake ya kitabu taratibu, akaanza kuifunga kwenye kitambaa.

"Simngoji hata wiki moja," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa inapanda peke yake. "Nimengoja kutosha, nimechoka. Kama ananitaka, wazee wake waje wiki hii, anioe kabla ya tarehe tano, na tupande gari moja. Awe na mali, asiwe na mali. Nairobi kuna watoto wa kufundisha, nitaomba uhamisho, tutakula mshahara wa mwalimu. Na kama hawezi hivyo, Abba, nipe Yattani, nami nitasikiliza habari za magurudumu mpaka nife na sitalia mbele yako. Lakini kungoja, hapana."

Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya Abba. Akko alikuwa ameshika mkono wangu na kuuminya.

Abba alichora mchanga kwa fimbo, akafuta, akachora tena.

"Umesikia?" akamwambia Halake. "Unasemaje?"

Halake, ambaye aliweza kuwapa miungu wa Kizungu sauti za Kiborana, ambaye aliokoa mapenzi ya watu wasiokuwepo kwa sentensi moja, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kisha mtu mzima, na shati lake la serikali, akafunika uso kwa mikono miwili akalia, mbele ya baba yangu, mchana kweupe.

Abba alitazama pembeni, kwenye kamba ya nguo, kama wanaume wanavyofanya. Akangoja. Kisha akasafisha koo.

"Qabale, mletee maji," akasema. "Na mama, kanzu yangu safi iko wapi? Kesho asubuhi nina mbuzi wa fidia wa kupeleka kwa akina Yattani, na maneno ya aibu ya kusema."

Nikainuka kwenda kwenye mtungi. Niliporudi nikamwagia Halake maji kwenye viatu, na hakuna aliyenigombeza.